Je, Wajua? Kauboi, Mgeni wa Mjini na Mahaba ya Ranchini

Kwenye maduka ya vitabu ya Marekani kuna riwaya za mahaba za aina moja zinazonisisimua kuliko nyingine zote. Mwanamume wa mjini anakwenda kupumzika kwenye ranchi ya wageni, anapewa farasi na kauboi wa kumfundisha, na kabla wiki haijaisha wanaume hao wawili hawataki tena kuachana. Ukitazama majalada yake utadhani ni mtindo wa juzi. Kumbe mgeni huyo, kauboi huyo na ranchi hiyo wana historia ya karibu miaka 200, na imejaa mambo ambayo siwezi kuyakalia peke yangu.

Wageni wenyewe waliomba walipishwe

Ranchi ya wageni inayotajwa kuwa ya kwanza Marekani ilizaliwa kwa sababu wenyeji walikuwa wakarimu kupita kiasi. Ndugu watatu wa ukoo wa Eaton, Howard, Alden na Willis, walitoka Pittsburgh wakafungua ranchi karibu na Medora, Dakota. Marafiki zao wa mashariki waliposikia habari za huko walipanda treni kwenda kujionea. Wakala, wakalala, wakapanda farasi, kama ndugu wa mjini waliokuja shamba kwa sikukuu wakasahau kurudi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1882 mgeni mmoja alisisitiza kulipia chakula na malazi yake, na biashara ikaanzia hapo.

Biashara hiyo ilikuja kwa wakati wake. Majira ya baridi ya 1886 hadi 1887 yaliua ng'ombe kwa malaki katika nyanda zile na kuwafilisi wafugaji wengi. Wageni wa treni hawakufa kwa theluji. Walirudi kiangazi kilichofuata na pesa zao. Mwaka 1904 akina Eaton walihamia Wolf, Wyoming, na kufikia 1926 ranchi za aina hiyo zilikuwa nyingi kiasi cha kuunda chama chao, huku kampuni ya reli ikiwaunga mkono ili iuze tiketi zaidi.

Cheti cha daktari kilichomzaa kauboi wa vitabuni

Kauboi tunayemjua leo, mtulivu, mrefu, mwenye maneno machache, ana deni kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Mwaka 1885 Dkt. S. Weir Mitchell wa Philadelphia alimwambia Owen Wister, msomi kijana wa Harvard aliyekuwa hoi, aende Wyoming akapande farasi. Daktari huyohuyo aliwaamuru wanawake wenye dalili kama hizo wakae kitandani kwa wiki kadhaa, bila kuandika wala kusoma! Wister alipata nafuu, akarudi huko mara nyingi, na mwaka 1902 akatoa riwaya iitwayo The Virginian, iliyochapwa upya mara kadhaa mwaka uleule.

Aliyetunukiwa kitabu hicho ni rafiki yake, Rais Theodore Roosevelt, ambaye naye alifika Dakota mwaka 1883 akiwa mgeni kutoka New York, mwenye miwani, akaishia kununua ng'ombe na kuwa jirani wa akina Eaton. Ni Roosevelt huyohuyo aliyeteremka Mombasa mwaka 1909 kwa safari yake ya kuwinda.

Kinachonifurahisha zaidi ni jicho la msimulizi wa Wister. Ni mwanamume wa mashariki, mgeni kabisa, anashuka kwenye kituo cha treni cha Medicine Bow, na kinachomteka hapo ni uzuri wa kauboi mmoja kijana. Anausifu waziwazi, mstari baada ya mstari. Mwishoni kauboi anamwoa mwalimu wa shule, lakini mtu wa kwanza kutekwa na uzuri huo ni mgeni mwanamume aliyeshuka na mizigo yake.

Baroneti wa Scotland, mwindaji, na sanduku la mahameli

Karibu nusu karne kabla ya akina Eaton, mwanajeshi mmoja wa Scotland alikuwa tayari mtalii wa Magharibi, na mwanamume aliyempenda alikuwa kiongozi wake wa uwindaji. Anaitwa William Drummond Stewart. Alipigana Waterloo mwaka 1815, na mwaka 1833 alifika kwenye mkutano wa kila mwaka wa wawindaji wa manyoya kando ya mto Green, katika eneo ambalo leo ni Wyoming. Huko akawa karibu sana na Antoine Clement, mwindaji hodari mwenye damu ya Kifaransa na ya wenyeji wa asili. Mwanahistoria William Benemann, aliyeandika kitabu kizima juu ya Stewart mwaka 2012, anaueleza uhusiano wao kuwa wa kimapenzi.

Mwaka 1837 Stewart alimwajiri mchoraji, Alfred Jacob Miller, asafiri naye. Picha za Miller ni hazina mpaka leo, maana hakuna mchoraji mwingine aliyeshuhudia mikutano ile ya wawindaji. Kisha kaka yake Stewart akafa, Stewart akarithi cheo na kasri la Murthly, na Clement akavuka bahari pamoja naye. Fikiria mwindaji wa milima ya Rocky akitembea kwenye korido za kasri la Scotland! Hata nyati wa Marekani waliletwa Scotland, wakaachiwa katika shamba la bwana mwingine mkubwa.

Mwaka 1843 Stewart alirudi Marekani kwa mara ya mwisho, safari hii akiwa na kundi la waungwana waliokuja kwa starehe tu. Benemann anasimulia kwamba kwenye mizigo yao mlikuwa na mavazi ya hariri na mahameli ya mtindo wa kale, kwa ajili ya sherehe ya wanaume kando ya ziwa milimani. Wageni kutoka mbali, farasi, hema, moto wa jioni, na waongozaji wanaolipwa: ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo ranchi ya wageni, imekosa tu ukuta na paa.

Kitambaa mkononi, na wewe ni "mwanamke" usiku huu

Katika kambi na miji ya ng'ombe ambako wanawake walikuwa wachache, makauboi walicheza dansi wao kwa wao. Anayecheza upande wa mwanamke alifungwa kitambaa mkononi ili wenzake wamtambue, kisha muziki ukaendelea hadi alfajiri. Haimaanishi kwamba wote walikuwa wapenzi wa jinsia moja. Inaonyesha tu kwamba wanaume wale walishikana mikono na viuno bila hofu ambayo vizazi vilivyofuata vilikuja kuwa nayo.

Wawili wawili, blanketi moja

Kauboi wa kweli alikuwa kijana, mara nyingi mwenye miaka chini ya 25, akilipwa kati ya dola 25 na 40 kwa mwezi. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi, na wengine wengi walikuwa Wamexico, ambao ndio waliowafundisha Wamarekani kutumia kamba ya kitanzi. Usiku wa baridi, wawili walichangia matandiko. Urafiki wa namna hiyo ulikuwa mzito: Badger Clark, mshairi aliyetambuliwa rasmi na jimbo la South Dakota mwaka 1937, ana shairi zima la kauboi anayemlilia mwenzake aliyekufa, na huzuni iliyomo ni ya mjane.

Mtaalamu wa nyigu na siri ya nyanda

Mtu aliyeushtua ulimwengu kuhusu makauboi alianza maisha yake ya kitaaluma kwa kukusanya nyigu. Mwaka 1948 Alfred Kinsey, mtaalamu wa wadudu aliyegeukia tabia za binadamu, alitoa ripoti iliyojengwa juu ya mahojiano na wanaume wapatao 5,300. Ndani yake aliandika kwamba uhusiano wa kimwili kati ya wanaume ulikuwa wa kawaida kuliko watu walivyodhani katika sehemu za mbali za mashambani, akiwataja waziwazi wachunga ng'ombe, wakata magogo na wachimba madini. Mbinu zake za kuchagua watu wa kuhojiwa zimekosolewa sana tangu wakati huo. Hata hivyo, wanaume wale aliowataja ndio walewale waliokuwa wakishangiliwa kwenye sinema kila Jumamosi kama vielelezo vya uanaume.

Ranchi za kwenda kuoa? La, kupewa talaka

Kwa miaka mingi, wageni wengi wa ranchi za karibu na Reno, Nevada, walikwenda huko kuvunja ndoa. Sheria ya 1931 ilimruhusu mtu kupata talaka baada ya kuishi Nevada wiki 6 tu, wakati majimbo mengi yalidai miezi au miaka. Watu wakafurika, hasa wanawake, na ranchi zikajaa. Kulikuwa na sharti moja: mkazi wa Nevada alipaswa kuapa mahakamani kwamba amekuona jimboni muda wote huo, kwa hiyo mwenye ranchi uliyempa kodi ndiye pia aliyekuwa shahidi wako.

Mwandishi Arthur Miller alisubiri talaka yake huko mwaka 1956, akakutana na makauboi waliokamata farasi mwitu, na kutokana nao akaandika filamu ya The Misfits iliyotoka 1961. Ndani yake yumo Montgomery Clift, mwigizaji aliyewapenda wanaume na kulazimika kuficha jambo hilo karibu maisha yake yote, humo akicheza kama mshindani wa rodeo, yaani mashindano ya makauboi ya kupanda na kukamata wanyama.

Ng'ombe 5, ndama 10, nguruwe 1 na farasi mdogo

Hiyo ndiyo mifugo yote iliyopatikana kwa rodeo ya kwanza ya wapenzi wa jinsia moja, tena ilipatikana siku moja tu kabla ya mashindano. Ilikuwa Oktoba 1976, mji uleule wa Reno. Phil Ragsdale alitaka kuchangisha pesa za hisani, na wafugaji mmoja baada ya mwingine walikataa kumkodisha wanyama walipojua washiriki ni akina nani. Watu zaidi ya 125 walishiriki hata hivyo. Miaka 6 baadaye, mwaka 1982, umati ulizidi 10,000, na mchekeshaji maarufu Joan Rivers akaongoza gwaride.

Mwaka 1985 vyama vya majimbo mbalimbali viliungana kuwa shirikisho moja. Michezo yao inanifurahisha kupita kiasi. Upo mchezo wa kumvalisha mbuzi chupi: wawili wanatimua mbio hadi kwa mbuzi aliyefungwa, wanamvika, wanarudi kabla saa haijawahukumu. Upo pia wa kumpamba maksai kwa utepe mkiani. Wa kufunga kazi unahitaji watu watatu, mwanamume, mwanamke, na mmoja aliyevalia nguo za jinsia nyingine, ambaye lazima ampande maksai mkali hadi avuke mstari. Sheria yao nyingine ingefaa kuigwa na wengi: wanawake na wanaume huruhusiwa kushiriki michezo ileile yote, ikiwamo kupanda fahali.

Amri ya mahakama mkesha wa fainali

Mwaka 1988 washindani wa shirikisho hilo walikuwa wameshafika Nevada na farasi wao, kutoka majimbo ya mbali, kwa fainali ya mwaka, ndipo mahakama ikatoa amri ya kuizuia isifanyike katika mji wa Fallon. Ilikuwa ni miaka ya UKIMWI, na hofu ya watu ilikuwa kubwa. Makauboi hao walikuwa wakiwazika wenzao na wakati huohuo wakichangisha pesa za kuwahudumia wagonjwa, na rodeo zao hazikukoma.

FBI waenda sinema

Mwezi Januari 1968 msanii Andy Warhol alipeleka kikosi chake cha New York huko Arizona kutengeneza filamu ya makauboi wanaopenda wanaume, na sehemu ya kazi ilifanyika kwenye ranchi ya wageni ya kweli, Rancho Linda Vista, katika mji mdogo wa Oracle. Filamu hiyo, Lonesome Cowboys, iliwasumbua watu mpaka maofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wakatumwa kwenye tamasha la San Francisco kuitazama na kuiandikia ripoti. Fikiria afisa wa serikali ameketi gizani, kalamu mkononi, akiandika kila tukio kwa lugha ya polisi.

Nakala 1,000 tu

Albamu ya kwanza ya muziki wa kantri inayojulikana kutungwa waziwazi na mpenzi wa jinsia moja, Lavender Country ya mwaka 1973, ilichapwa nakala 1,000 tu na kuuzwa zaidi kwa njia ya posta. Mtunzi wake, Patrick Haggerty, alikuwa mtoto wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa katika jimbo la Washington. Baba yake, mtu wa shamba asiye na elimu kubwa, alimwambia akiwa kijana asiwe mtu wa kujificha. Albamu ilisahaulika. Haggerty akaendelea na uanaharakati, na uzeeni akawa anaimbia wazee wenzake kwenye nyumba za kutunzia wazee. Mwaka 2014 albamu ikatolewa upya, na mtu wa miaka 70 akaanza kuzunguka majukwaani, mbele ya vijana walioujua kila wimbo. Alifariki mwaka 2022.

Makauboi maarufu kuliko wote walikuwa wachunga kondoo

Ennis na Jack wa Brokeback Mountain, ambao dunia nzima inawataja kama makauboi, wanakutana wakichunga kondoo. Kwa mtu wa Wyoming hilo lina uzito. Wenye ng'ombe waliwadharau wenye kondoo kiasi cha kuuana: mwaka 1909 watu watatu wa kondoo waliuawa usiku karibu na Ten Sleep. Annie Proulx, mwandishi wa hadithi hiyo, aliwaweka wapenzi wake mahali pa chini kabisa katika nchi ya ng'ombe.

Wazo lilimjia baani, kaskazini mwa Wyoming, alipomwona mzee mfanyakazi wa ranchi amesimama ukutani. Kulikuwa na wanawake wamependeza, lakini macho ya mzee yaliwafuata vijana wa kiume waliokuwa wakicheza puli. Proulx akajiuliza maisha ya mtu huyo yalikuwaje. Hadithi yenyewe inaanza 1963, na hapo ipo takwimu moja ya kukumbuka: mwaka huo majimbo 49 kati ya 50 ya Marekani yalihesabu mapenzi ya wanaume wawili kuwa kosa la jinai. Ni Illinois pekee iliyokuwa imeifuta sheria hiyo, na Mahakama ya Juu haikuifuta nchi nzima hadi 2003.

Hadithi ilitoka Oktoba 1997. Oktoba iliyofuata, huko Laramie, Wyoming, mwanafunzi wa miaka 21, Matthew Shepard, alipigwa, akafungwa kwenye uzio na kuachwa hapo. Alifariki siku chache baadaye. Sheria ya shirikisho dhidi ya uhalifu wa chuki, iliyopitishwa 2009, ina jina lake. Sijui msomaji anayeweza kuirudia hadithi ya Proulx bila kumfikiria.

Mashati mawili, dola 101,100 na senti 51

Hiyo ndiyo bei iliyolipwa kwenye mnada wa intaneti mwaka 2006 kwa mashati mawili yaliyovaliwa na waigizaji wa filamu ya Brokeback Mountain, moja likiwa limevishwa ndani ya jingine. Aliyeona filamu anajua kwa nini. Mwongozaji Ang Lee aliitengeneza kwa takriban dola milioni 14, akipiga picha zake zaidi katika milima ya Alberta, Kanada, nayo ikaingiza karibu milioni 178. Ilipata Oscar tatu, na Ang Lee akawa Mwasia wa kwanza kushinda tuzo ya mwongozaji bora.

Mashati yaliazimwa kwa jumba la makumbusho la Autry, Los Angeles, lililoanzishwa na Gene Autry, kauboi mwimbaji wa sinema za zamani. Jumba hilohilo ndilo linalotunza nyaraka za rodeo za wapenzi wa jinsia moja.

Mwandishi aliyechoka kutumiwa miisho mipya

Proulx amesema hadharani kwamba angetamani asingeiandika hadithi ile, kwa sababu wasomaji hawaachi kumtumia matoleo yao ambamo Jack hafi na wapenzi wanaishi pamoja kwa raha. Namwelewa, kazi ni yake na huzuni ile ina sababu. Lakini nawaelewa wasomaji pia, na moyo wangu uko upande wao.

Chama cha waandishi wa mahaba cha Marekani kilishaweka sifa mbili za riwaya ya mahaba: pendo liwe kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wa matumaini. Kwa kipimo hicho Brokeback Mountain haimo kabisa. Riwaya za ranchi ya wageni ndipo zinapoingia. Ranchi ya aina hiyo inafaa mno: mgeni ana wiki moja tu, kauboi analipwa kumwangalia asianguke, chakula kiko kwenye meza moja ndefu ambako hakuna pa kujificha, na Jumamosi gari la kumrudisha mjini litafika. Swali pekee ni kama atapanda. Katika vitabu hivi hapandi, au anapanda kisha anarudi, na mahali palipomuua Jack panakuwa na chumba chenye taa kwa ajili ya wawili.

Kitabu kilichosubiri miaka 54

Thomas Savage, aliyekulia kwenye ranchi za Montana, alichapisha The Power of the Dog mwaka 1967, riwaya ya mwenye ranchi katili anayeficha pendo lake la zamani kwa kauboi aliyekuwa mwalimu wake. Wahakiki waliisifu, wanunuzi wakawa wachache. Mwaka 2001 ilitolewa tena ikiwa na maneno ya mwisho ya Annie Proulx mwenyewe, na mwaka 2021 Jane Campion akaifanya filamu, akiigeuza New Zealand kuwa Montana. Iliteuliwa kwa Oscar 12, na Campion akaondoka na ya mwongozaji bora.

Wiki 19 kileleni

Mwaka 2019 wimbo wa Old Town Road wa Lil Nas X, kijana Mweusi wa Georgia aliyevaa kofia ya kauboi, ulikaa namba moja Marekani wiki 19, rekodi mpya wakati huo. Alitangaza kwamba anapenda wanaume tarehe 30 Juni, wimbo ukiwa bado kileleni, wakati ambao wasanii wengi wangeshauriwa kunyamaza. Haukushuka.

Aliyekataa kuongoza, kisha akajibu

Pedro Almodóvar, gwiji wa sinema wa Hispania, alipewa nafasi ya kuongoza Brokeback Mountain akaikataa. Swali moja la filamu hiyo halikumtoka: wanaume wawili wangefanya nini peke yao kwenye ranchi? Mwaka 2023 alitoa jibu lake, Strange Way of Life, akiwa na Ethan Hawke na Pedro Pascal kama wapenzi wa zamani wanaokutana tena baada ya miaka 25. Aliipiga kwenye jangwa la Almería, kusini mwa Hispania, kwenye mandhari zilezile ambako filamu za makauboi za Sergio Leone zilitengenezwa miaka ya 1960. Ina dakika 31, na jibu lenyewe liko kwenye maneno ya mwisho kabisa, kwa hiyo usiondoke kabla haijaisha.